Sanamu za Mji wa Nairobi

Tumeombwa tuzungumze nanyi habari ya sanamu na nguzo za ukumbusho zilizosimama katika mji mkuu wa Kenya, nasi tumekubali kwa furaha. Jambo hili si geni kwetu. Sisi walimu wa chuo cha ualimu tuna desturi ya kuwapeleka wanafunzi wetu mjini kila mwaka, siku ya Jumamosi asubuhi, tukatembea kwa miguu kutoka sanamu moja hata nyingine, kila mtu na daftari lake na kalamu yake. Mengi tutakayosema tumeyapata katika matembezi hayo, na mengine katika vitabu.

Mtu aliyezaliwa Pumwani au Kariokor aweza kupita mbele ya wale watu watatu wa shaba wa Kenyatta Avenue kwa miaka thelathini, asijue ni akina nani. Apajua mahali pale kuwa ni mahali pa kungojana na rafiki. Hatumlaumu, maana aendaye mjini ana shughuli zake: huku basi, huku deni, huku mkono mmoja umeshika mfuko kwa hofu ya wezi. Lakini mwalimu hana udhuru huo. Mwalimu asiyeweza kuwaambia watoto ni nani aliyesimama katikati ya mji wao, na nani alimsimamisha pale, na kwa fedha ya nani, atafundishaje historia ya nchi?

Hatuna budi kwanza kusema neno juu ya jina lenyewe. Kila mwaka, tutangazapo safari hii, hutokea mwanafunzi mmoja au wawili wasiotaka kwenda. Wengine ni watu wa makanisa, wengine ni Waislamu, na sababu yao ni moja, kwamba sanamu ni kitu kilichokatazwa. Hatuwacheki. Sisi wenyewe tulilelewa katika shule za misheni, na neno hili sanamu tulilisikia katika Amri Kumi kabla hatujaiona sanamu yenyewe kwa macho. Jibu letu ni kwamba kilichokatazwa ni kuinama na kuabudu, wala hatujapata kumwona mtu akipiga magoti mbele ya mpagazi wa shaba. Laiti wangalau wangesimama kidogo! Na yule asiyeridhika na jibu hilo twamwambia aje asome maandishi yaliyo chini, sanamu aiache. Mara nyingi huyo ndiye arudiye na daftari lililojaa.

Tena wako wasemao kwamba kumsimamishia marehemu umbo la mti au jiwe ni desturi ya wageni. Hiyo si kweli. Wamijikenda wa pwani, tangu zamani, huwachongea wazee wao wa chama cha Gohu vigango, yaani nguzo za mti mgumu zenye kichwa na mabega, zilizochorwa kwa pembe tatu na mistari. Kigango kikiisha kusimamishwa hakihamishwi. Hata watu wakihama kijiji, chenyewe huachwa pale pale mpaka kiliwe na mvua na mchwa. Wezi waliving'oa vingi katika karne iliyopita wakaviuza, vikavuka bahari hata Marekani, vikawekwa katika nyumba za makumbusho na katika sebule za matajiri. Viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 vilirudishwa mwaka wa 2007, na wenyewe wakavipokea kwa ngoma. Basi mtu akisema Mwafrika hana desturi ya sanamu za ukumbusho, muulizeni kwa nini mwizi alisumbuka kuzibeba.

Sasa na twende Kenyatta Avenue. Pale wamesimama watu watatu juu ya jukwaa la jiwe: askari wa King's African Rifles, askari wa Kiarabu wa pwani, na mpagazi. Ukumbusho huu ulifunuliwa mwaka wa 1928, kwa ajili ya watu waliopigana na kufa katika Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Aliyezifanya sanamu ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, ndiye pia aliyefanya sanamu ya askari iliyoko Mombasa na ile iliyoko Dar es Salaam, zote mbili za mwaka wa 1927. Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kizungu na kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wetu hupenda sana jambo hilo. Wengi wao hawakujua kwamba lugha wasomayo shuleni iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya shule zetu kuwako.

Twawaomba wanafunzi wamtazame sana yule mpagazi. Wawili wenzake wana silaha, yeye hana. Hao ndio watu wa Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya watu wetu vililigeuza likawa Kariakoo huko Dar es Salaam, na hapa Nairobi likawa Kariokor. Mtu anunuaye kikapu au nyama ya kuchoma sokoni Kariokor anakanyaga mahali palipokuwa kambi yao. Vita vile vilipiganwa mahali ambako magari hayakuweza kupita, na ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Basi kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Waingereza waliwachukua wapagazi yapata milioni moja katika nchi zote za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara damu, na homa, na njaa, na chakula kisichoivishwa ambacho hawakukizoea.

Maneno ya Kiingereza yaliyo chini ya sanamu hizo yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi aliyejulikana duniani pote. Huyo alikuwa amepoteza mwanawe wa pekee katika vita hivyo hivyo, huko Ufaransa, mwaka wa 1915, na mwili wa kijana hakuupata katika maisha yake yote. Alijua basi uchungu wa mzazi asiye na kaburi la kulilia. Hata hivyo jina la mwanawe lilichongwa katika jiwe pamoja na majina ya wenzake. Katika jiwe la Nairobi, Kipling aliahidi kwamba mtu aipiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Tumelizunguka jiwe hilo mara nyingi. Majina ya wafu hayamo, hata moja.

Si kwamba yalipungukiwa nafasi. Mwezi wa Aprili, mwaka wa 2021, ile Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Uingereza na nchi rafiki zake ilitoa ripoti juu ya kazi yake yenyewe ya miaka mia. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Wakubwa wa wakati ule walikuwa wamekata shauri kwamba Mwafrika hafahamu kaburi wala jina lililoandikwa, kwa hiyo sanamu moja yatosha kwa wote. Ukumbusho ule wa Kenyatta Avenue ni mzuri, nasi twaupenda. Lakini ni vema mtu aujue pia kuwa ulikuwa njia ya kuepa gharama ya kuandika.

Mwaka mmoja mwanafunzi wetu, msichana atokaye Nyanza, alisimama mbele ya mpagazi muda mrefu kuliko wenzake. Tulipomwuliza, alisema kwamba babu wa babu yake alichukuliwa Kariakoo na hakurudi, na nyumbani kwao jina lake hupewa mtoto mmoja katika kila kizazi, lisipotee. Wenzake walinyamaza. Kisha mvulana mmoja wa Machakos akasema kwao pia yuko mtu wa namna hiyo. Tangu siku hiyo tumeongeza kazi moja: wakati wa likizo kila mwanafunzi huulizana na wazee wake, na akipata jina la mtu aliyekwenda vita vile, akarudi au asirudi, huliandika pamoja na jina la mji wake katika daftari kubwa liwekwalo chuoni. Mengine yameandikwa kwa shaka, maana wazee wenyewe hawapatani. Hayo tumeyaandika kwa kalamu ya risasi. Mwenye habari za nyumbani kwake na azitafute sasa, kwa sababu wale waliowaona kwa macho wapagazi waliorudi wamebaki wachache mno.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana askari mmoja peke yake, amenyosha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Mahali pale pale, zamani za Wadachi, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyofunuliwa mwaka wa 1909. Waingereza walipouteka mji waliiondoa wakaipeleka kwao. Kisha mwaka wa 1922 ikasimamishwa Hamburg, karibu na chuo kikuu, na huko wanafunzi wa Kidachi wenyewe waliiangusha kwa kamba mwaka wa 1968. Twawasimulia wanafunzi kisa hiki ili wajue kwamba sanamu husafiri na kuanguka, na kwamba ulizeni wenu hauishi kwa kuuliza ni nani aliyesimama hapa, bali pia ni nani aliyekuwa hapa kwanza.

Nairobi nako ni vivyo hivyo. Barabara hii ya Kenyatta iliitwa Delamere, na sanamu ya Lord Delamere, mkuu wa walowezi, ilisimama pale tangu mwaka wa 1939. Iliyoifanya ni mikono ya mwanamke, Kathleen Scott, mjane wa yule Scott aliyefia katika barafu ya Ncha ya Kusini. Uhuru ulipofika mwaka wa 1963 jina la barabara lilibadilishwa, na bwana wa shaba akapelekwa kwenye shamba la jamaa yake huko Soysambu, katika Bonde la Ufa. Hakuvunjwa. Alirudishwa kwao kama mgeni aliyekaa hata siku zake zikaisha, na twaona kwamba ilifanywa kwa adabu.

Malkia Victoria hakuwa na bahati hiyo. Sanamu yake ililetwa na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanya biashara Mhindi aliyejenga sehemu kubwa ya Nairobi ya kwanza, akaiweka mwaka wa 1906 katika bustani aliyowapa watu wa mji kuwa yao. Ilidumu pale zaidi ya miaka mia moja, pamoja na wahubiri wa saa ya chakula na wazee wa kulala usingizi kwenye nyasi. Kisha mwaka wa 2015 watu wasiojulikana wakaivunja kichwa. Watu hupenda kubishana juu ya kichwa kile. Sisi twaona bustani yenyewe ina thamani kuliko sanamu. Mwaka wa 1991 palikuwa na shauri la kuijenga majumba, na mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama na raia wengine kuipinga hata shauri likavunjika. Mtu akitaka kuona ukumbusho wa kweli wa Jeevanjee, na aketi pale chini ya mti saa saba mchana atazame watu.

Kabla hatujaendelea, labda wako watu wasiojua sanamu ya shaba hufanywaje, wakidhani kwamba huchongwa kama kinyago. Haichongwi, husubiwa. Kwanza fundi huiumba kwa udongo, akiongeza na kupunguza mpaka aridhike. Huo udongo huufunika kwa jasi, nayo ikikauka huwa kalibu. Ndani ya kalibu hupaka nta, unene wa kidole au pungufu, na katikati ya ile nta hujaza udongo wa kustahimili moto. Kisha huivika yote udongo mwingine, akaacha mifereji, akaipika katika tanuri. Nta huyeyuka ikatoka, na mahali ilipokuwa huwa tupu. Ndipo huimimina shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, nayo huzifuata nafasi zote zilizoachwa na nta, hata mkunjo wa nguo na mshipa wa mkono. Ikipoa, ganda huvunjwa. Sanamu kubwa hufanywa vipande vipande vikaunganishwa, na kazi ya tupa na msasa huchukua majuma. Basi mtu akipita karibu, na aigonge kidogo kwa kidole: atasikia kwamba ndani ni wazi kama kengele.

Sanamu ya Dedan Kimathi iko njia panda ya barabara iitwayo kwa jina lake na barabara ya Mama Ngina. Ilifunuliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu Kimathi aliponyongwa katika gereza la Kamiti. Fundi wake ni Mkenya, Kevin Oduor. Kimathi amesimama na nywele zake za msituni, bunduki mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto. Twawakumbusha wanafunzi wetu jambo ambalo hawalitegemei, kwamba mtu huyu aliwahi kushika chaki kama sisi.

Hapa mabishano huwa makali, na ni haki yawe makali. Kwa miaka arobaini baada ya Uhuru, chama cha Mau Mau kilikuwa bado kimekatazwa na sheria, sheria ile ile iliyoandikwa na serikali ya kikoloni. Haikuondolewa mpaka mwaka wa 2003. Barabara ilikuwa na jina la Kimathi, na wenzake waliokuwa hai hawakuweza kukutana kwa jina lao. Na wako wanafunzi wetu ambao babu zao walikuwa upande wa pili, walinzi wa vijiji, au Wakristo waliokataa kula kiapo wakauawa. Mwanafunzi wa namna hiyo akisimama mbele ya bunduki ile ya shaba hawezi kuwa na moyo mmoja na mwenzake ambaye nyanya yake alifungwa kambini. Hatuwalazimishi wapatane njiani. Twawaomba waandike walichokiona, na nyumbani kwao waulize. Kaburi la Kimathi mwenyewe halikuwekewa alama. Alizikwa ndani ya gereza, na jamaa yake wameliomba kwa miaka mingi. Kwa hiyo ile sanamu yafanya kazi mbili, ya sanamu na ya kaburi.

Tom Mboya yuko Moi Avenue, hatua chache tu kutoka mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa. Umri wake ulikuwa miaka 38. Sanamu yake, kazi ya Oshoto Ondula, ilifunuliwa tarehe 20 Oktoba 2011. Chini yake wamo ndege aina ya heroe, nao huwakumbusha watu vijana mamia waliopelekwa Marekani kusoma, kwa ndege za namna nyingine, kuanzia mwaka wa 1959 kwa juhudi yake. Upitapo pale hutaweza kusimama sana; barabara ile ni ya haraka.

Sanamu kubwa ya Rais Jomo Kenyatta, aliyeketi mbele ya jumba la mikutano lenye orofa nyingi, ilifanywa na Mwingereza James Butler mwaka wa 1973. Nguzo ya Nyayo katika Central Park ni ya mwaka wa 1988, ya kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Moi: mkono ulioshika rungu watokea katika kilele cha Mlima Kenya. Ni kazi kubwa, yenye mawe mengi. Hatuna mengi ya kusema juu yake, ila kwamba ukumbusho ujengwao mtu akiwa bado kitini una shida ya kusema kweli. Uhuru Gardens, njia ya Langata, nguzo ya mwaka wa 1983 ina mikono iliyoshikana na njiwa, na watu wanaoinua bendera. Mahali pale bendera ya Kenya ilipandishwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 12 Desemba 1963. Nenda uone mti wa mugumo ulio pale. Sisi twaupenda kuliko nguzo.

Lakini kama mtu ana nafasi ya kuona sanamu moja tu, twamshauri aende Uhuru Park, mahali paitwapo Freedom Corner. Pale, tarehe 12 Septemba 2015, ulifunuliwa ukumbusho wa watu walioteswa wakati wa ukoloni. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali, baada ya wazee wa Mau Mau kuishitaki London, kuwalipa watu 5,228, ikatoa pia fedha za ukumbusho huo. Ni mpigania uhuru na mwanamke anayempa chakula. Fundi aliwaweka hivi kwamba hawatazamani. Mwanamke akikamatwa na kuulizwa amempa nani chakula, aweze kuapa kwamba hakuuona uso wake. Naye mwanamume vivyo hivyo. Hakuna bunduki iliyoinuliwa, hakuna mkono hewani. Ni watu wawili waliogopa, na kikapu. Tumewaona wanawake wazee wakija pale kutoka mashambani, wakagusa mkono wa yule mwanamke wa shaba, wakaondoka bila kusema neno.

Katika sanamu zote tulizozitembelea katikati ya mji, mwanamke mwenye jina alikuwa mmoja, naye ni Malkia Victoria. Huyu wa Freedom Corner hana jina. Wanafunzi wetu wa kike waliliona jambo hili kabla yetu. Mmoja alitaja Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa kwa risasi tarehe 16 Machi 1922 pamoja na wengine wengi, walipokusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe. Akauliza sanamu yake, kama ingefanywa, ingesimama wapi, na ingeshika nini mkononi. Tulitumia juma zima darasani juu ya swali hilo. Walichora karatasi nyingi. Iliyotupendeza haikuwa na mtu kabisa, ila kanga iliyoanguka juu ya jiwe.

Njia panda ya Moi Avenue na Haile Selassie iko bustani ndogo ya watu 213 waliouawa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Majina yao yameandikwa ukutani, yote. Tunapofika pale baada ya kuanza na mpagazi, hatuhitaji kueleza tofauti.

Watu huuliza kama watu wetu wenyewe hawakuwa na mafundi, hata sanamu zote za kwanza zikafanywa na Waingereza. Walikuwako. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, alijifunza Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, akawa mwalimu huko. Uganda ilipopata uhuru mwaka wa 1962, yeye ndiye aliyefanya sanamu kubwa ya Uhuru iliyoko katikati ya Kampala: mama amefungwa miguu kwa vitambaa, akimwinua mtoto juu ya kichwa chake. Basi mji mkuu wa jirani ulipata sanamu yake kwa mkono wa Mkenya, na Nairobi mwaka wa 1973 ikaagiza ya rais wake kutoka Uingereza. Tufanyeje! Maloba mwenyewe baadaye alikuja kufundisha Nairobi, na wengi wa mafundi wa leo ni wajukuu wake katika kazi.

Atakaye kuona kazi za mafundi hao bila fujo za mjini na atoke kidogo nje. Njia ya Kiambu iko Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa mwaka wa 1965 na Elimo Njau wa Kilimanjaro pamoja na wenzake. Jina lake ni Kiswahili cha kuchezewa vizuri, yule paa mnyama na kule kupaa juu. Moto uliiharibu sana mwaka wa 1997, lakini katika bustani yake zimebaki sanamu chini ya miti. Huko alifanya kazi Samuel Wanjau, ambaye ujana wake aliwachongea bunduki watu wa msituni, akaishia kuchonga watu na wanyama.

Kisha City Park, huko Parklands, penye kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, aliyefariki mwaka wa 1990. Murumbi alikusanya kazi za sanaa za Afrika maisha yake yote, na katika bustani ya kumbukumbu yake zimewekwa sanamu za mafundi wa Afrika ya Mashariki. Yumo Elkana Ong'esa wa Tabaka, Kisii, ambaye ndege wake wa jiwe amesimama pia Paris, katika makao ya UNESCO. Jiwe la Kisii ni laini likitoka machimboni, hukatwa kwa msumeno na kisu, kisha husuguliwa kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Watoto hupanda juu yake na hakuna awafukuzaye.

Nendeni asubuhi, saa mbili au saa tatu, wakati jua bado liko upande. Mchana sana shaba haina kivuli na uso wa sanamu huwa kama umefutwa. Chukueni maji ya kunywa. Mkitaka kupiga picha karibu na Bunge au jumba la mikutano, mwombeni ruhusa askari aliye zamu kabla hajawauliza. Na yale maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwenye Kenyatta Avenue yameanza kulika na moshi wa magari. Aliye na mzee ajuaye kuyasoma na aende naye mwaka huu.